Saa Moja Niliyoiongeza Ubaoni

Jumamosi, 26 Machi

Ubaoni: kupwa saa saba kasoro robo. Mwisho wa kurudi saa nane kasoro robo. Upepo wa kaskazini, baridi ya kukata masikio.

Msimu umefunguliwa. Nimebeba ndoo na chaki mpaka Jengo la Ushuru, nikausugua ubao mpaka vidole vikafa ganzi. Baba yangu aliuandika ubao huu, kisha mume wangu Cyril, na sasa mimi mwaka wa kumi na tisa. Kazi haina mshahara wala asante: unafungua kitabu cha maji, unasoma saa ya kupwa, unaiandika kwa herufi kubwa, na chini yake saa ambayo kila mtu awe amesharudi nchi kavu. Basi. Lakini hakuna mwongozaji wa Skelney anayewapeleka wageni Kanisa la Chini, lile gofu lililomezwa na bahari, kabla sijaandika, na kabla hajaigusa fremu ya ubao kwa kiganja. Hawabebi kitabu. Kubeba kitabu chako mwenyewe hapa ni kumtusi mwandishi wa ubao.

Kitabu cha mwaka huu kina jalada la buluu. Ofisi ya bandari imebadili wachapaji, na herufi zimekuwa ndogo kama mayai ya chawa. Nimenung'unika peke yangu nikiwa jikoni, nani wa kunisikia?

Len Tuxford alifika saa tano, kofia yake ya urubani kichwani ingawa meli ya mwisho aliiingiza hapa kabla matope hayajaijaza bandari.

"Enid! Bado hujafa?"

"Nakusubiri utangulie, mzee. Mimi nitafunga mlango."

Akacheka, akagusa fremu, akaondoka na wageni watano na ile hadithi yake ya kengele zinazolia chini ya mchanga. Kila mwaka kengele zinaongezeka. Nilipoolewa zilikuwa tatu, leo nimesikia akisema tisa. Ana miaka sabini na moja na anatia chumvi kama mpishi aliyepoteza ladha. Watu wanampenda kwa hilo, na mimi huwa nanuna bure tu.

Jumapili ya Pasaka, 27 Machi, baada ya kanisa

Ubaoni: kupwa saa tisa u nusu. Mwisho wa kurudi saa kumi u nusu. Usiku wa kuamkia leo saa zimesogezwa mbele kwa majira ya joto, nami nimeongeza saa moja juu ya ile ya kitabuni kama kila mwaka. Manyunyu. Nimekula andazi la Pasaka lenye alama ya msalaba, kavu.

Siku hiyo hiyo, jioni

Mtu amekufa. Nitaandika, maana nikiacha nitakaa tu kuutazama ukuta.

Basi la kukodi kutoka Sheffield lilileta wageni kumi na wawili, wengi wao wastaafu. Kulikuwa na mama mmoja, Hazel Umpleby, aliyekuwa mpishi wa shule, amekuja na dada yake Joan. Alivaa viatu vyeupe vipya. Nilimwambia vitachafuka. "Ndiyo maana nimevinunua, mama, vichafuke!" Akanipa nusu ya chokoleti yake. Len aligusa fremu saa tisa kasoro dakika ishirini, wakaondoka wakicheka. Ukungu mwepesi, bahari iko mbali hata huioni.

Ni mwendo wa dakika arobaini mpaka kwenye kuta za kanisa. Njiani unavuka Koo, ule mkono wa bahari unaopita nyuma ya mchanga. Maji yakipwa unauvuka kwa buti. Ubaya wa Koo ni kwamba hujaa kutoka nyuma. Ukiwa kanisani unaitazama bahari, unaiona iko mbali imetulia, kumbe njia yako ya kurudi imeshakwenda.

Kwenye saa kumi kasoro robo nilikuwa napasha chai. Brenda wa kibanda cha chipsi akaja mbio, aproni imelowa.

"Enid, Koo limejaa!"

"Acha kunitisha. Maji yamepwa sasa hivi tu. Tazama saa."

"Sitazami saa mimi, natazama maji! Njoo!"

Nilitoka. Lilikuwa limejaa kweli. Ng'ambo, katika ukungu, niliona watu wamesimama safu moja kama nguo kwenye kamba. Len alikuwa amewashikanisha mikono, yeye wa kwanza, maji yako kifuani. Brenda alipiga simu ya mashua ya uokoaji. Mimi nilisimama. Nilikuwa bado nikiitazama saa ya ukutani kupitia dirishani na kusema moyoni, haiwezekani.

Mashua iliwatoa kumi na mmoja, na Len. Hazel aliteleza. Alikuwa ameshika mkono wa Len, maji yakamfumbua vidole. Walimpata baadaye kwenye magogo ya gati la kale, kiatu kimoja mguuni. Joan hakulia. Alikuwa akiuliza tu nani ana mkoba wa dada yake, maana dawa zake za presha zimo humo.

Mvua ilikuwa imekolea. Askari alipokuja kuniuliza, ubaoni palibaki michirizi myeupe tu.

"Ulikuwa umeandika nini, Bi Pask?"

"Kama kitabu. Kama kila siku."

Akaandika. Sikusema uongo. Wakati ule, Mungu anajua, sikusema uongo.

Jumatatu, 28 Machi

Ni mimi.

Leo hakuna matembezi, lakini wachimba chambo wanautegemea ubao, nikaenda. Kitabu kinasema saa tisa na robo, nikaandika saa kumi na robo. Saa tisa na nusu nikawaona wachimba chambo wanarudi na ndoo zao, mbio mbio. Mmoja akanipungia mkono, "Maji yamegeuka, Bi Pask!"

Nilirudi nyumbani nikachukua miwani ya Cyril ya kukuzia stempu. Ndani ya jalada la buluu, chini kabisa, kuna mstari mmoja: Nyakati za majira ya joto zimekwisha kuongezwa saa moja. Miaka yote kitabu kilisema ongeza. Wachapaji wapya wameongeza wenyewe. Mimi nikaongeza tena juu yake.

Jana maji yalipwa saa nane u nusu. Len alitakiwa awe amerudi saa tisa u nusu. Mimi nilimpa saa nzima ambayo bahari haikuwa nayo. Hata ningeutazama ubao wa Jumamosi ningeona, maana maji hayawezi kuruka saa tatu kasoro robo kwa siku moja. Mtoto wa darasa la pili angeona. Sikutazama, nilikuwa na haraka ya kwenda kanisani na kofia mpya.

Nikaenda nikafuta, nikaandika saa tisa na robo. Hakuna aliyekuwa akinitazama.

Alhamisi, 31 Machi

Ubaoni: kupwa saa kumi na mbili kasoro dakika ishirini, jioni. Mvua kutwa.

Jumatatu, 4 Aprili

Brenda anasema mjini wanasema Len alikuwa amelewa. "Walimwona baa ya Nanga saa sita, anakunywa."

"Glasi moja ya bia na mkate wa nyama. Kila Jumapili."

"Mimi nasema wanavyosema, shoga. Sijasema nasadiki."

Domo la Brenda halina kufuli. Nilimchukia mpaka nilipofika kona ya kanisa, ndipo nikakumbuka ni yeye aliyetazama maji.

Nyumbani nilijaribu kuuchana ukurasa wa Pasaka kwenye daftari hili. Limeshonwa kwa uzi. Nilipouvuta, ukurasa wa upande wa pili nao ukaanza kutoka, ule wa mwanzo wa Machi nilipoandika kuhusu kaburi la Cyril. Nikaacha.

Jumapili, 10 Aprili

Ubaoni: kupwa saa saba u nusu mchana. Jua, la kwanza.

Len ametoka hospitali, mapafu yamesafishwa. Alikuja Jengo la Ushuru bila kofia. Sikujua kichwa chake kina upara mkubwa hivyo. Hakugusa fremu.

"Enid, nataka kukuuliza jambo, usinikasirikie."

"Uliza."

"Nilisoma saa tisa u nusu. Naiona kabisa, hivi, mwandiko wako, ile tisa yako yenye mkia. Polisi wamenionyesha kitabu. Kinasema saa nane u nusu. Nikawaambia basi Enid ameandika tisa. Wakaniambia Bi Pask hajakosea miaka kumi na tisa." Akanitazama. "Uliandika tisa?"

Hapa ndipo palikuwa pa kusema. Mlango ulikuwa wazi, hakukuwa na mtu, chai ilikuwa mezani. Nilifungua mdomo.

"Sikumbuki, Len. Mvua ilifuta."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa anayoyatarajia. "Basi ni mimi. Nimeona kisichokuwepo. Mama yangu alianza hivyo hivyo, unajua. Alianza kwa kusoma vitu ambavyo havipo."

Alipoondoka niliimwaga chai yake kwenye ndoo ya ubao.

Jumatatu, 25 Aprili

Ubaoni: kupwa saa saba na robo mchana. Baridi imerudi, theluji kidogo asubuhi, mwezi wa nne huu.

Len alipita. Akasimama mbele ya ubao, akausoma kwa sauti kama mwanafunzi. "Kupwa saa saba na robo. Kurudi saa nane na robo. Sawa?"

"Sawa, Len."

Jumanne, 26 Aprili

Ubaoni: kupwa saa nane mchana. Akaja tena. "Saa nane. Sawa?" Nikamwambia sawa.

Jumatano, 27 Aprili

Alikuja.

Jumanne, 10 Mei

Ubaoni: kupwa saa saba mchana. Upepo wa mashariki, mchanga machoni.

Gillian, binti wa Len, amekuja kutoka Leicester. Mwanamke wa suti na maneno ya kupima. Nilikuwa nikimwona mwenye roho ngumu tangu mazishi ya mama yake, alipotazama simu kaburini. Leo alikaa jikoni kwangu akalia mpaka kipodozi kikachuruzika.

"Daktari amempa mtihani, Bi Pask. Chora saa, taja miezi kinyumenyume. Amefaulu karibu yote. Lakini yeye mwenyewe hakubali. Anamwambia daktari, 'Nimeua mtu kwa kusoma kisichoandikwa, halafu wewe unaniambia nina akili?' Amenipa funguo za gari. Anasema asije akaua mwingine."

Nilimpa keki. Nilisema maneno. Sijui nilisema nini, nilimpaka mafuta tu kwa mgongo wa chupa, naye akanishukuru kwa wema wangu.

Jumapili, 22 Mei

Mvua.

Jumanne, 14 Juni

Ubaoni: kupwa saa kumi na dakika arobaini. Joto la ghafla, mwani unanuka.

Nilikwenda kwa Len na supu. Kabati zote zimebandikwa karatasi: Vikombe. Chumvi. Zima jiko. Juu ya kitasa cha mlango: Unakwenda wapi? Mtu huyu aliingiza meli za tani elfu mbili kwenye mlango wa bandari ambao mimi nisingepitisha beseni.

"Len, huna haja ya haya."

"Haja ninayo. Leo nimesahau kuzima jiko."

"Mimi nalisahau kila wiki."

"Wewe hujamzamisha mtu," akasema, kwa upole kabisa, akanimiminia supu yangu mwenyewe kwenye bakuli.

Brenda alikuwa amenitangulia. Nimegundua anakwenda kwake kila Jumanne na Ijumaa, anamfulia mashuka, anapiga soga wee mpaka Len anasinzia. Yule yule aliyeeneza habari za ulevi. Nilimuuliza kwa nini. "Dhambi ya mdomo nailipa kwa mikono," akasema. "Wewe una lako la kulipa?" Alikuwa akitania. Nilidondosha kifuniko cha sufuria.

Jumamosi, 2 Julai

Matembezi yamerudi. Halmashauri imemwajiri msichana, Philippa, mwenye koti la njano na filimbi. Anatazama maji kwenye simu. Hakugusa fremu, na wala sikutarajia. Alikuja kuniambia kwa adabu kwamba ubao wangu "unapendeza sana" na ubaki kwa ajili ya picha.

Jumamosi, 23 Julai

Ubaoni: kupwa saa tano na dakika nane asubuhi. Wageni wengi kama siafu, makaratasi ya chipsi kila mahali, shakwe wanawanyang'anya watoto aiskrimu. Wanapiga picha ubao. Mmoja aliuliza, "Ndipo hapa yule mama alipokufa?" Nikamwonyesha kwa kidole. Akapiga picha kidole changu pia, nadhani.

Len alikuja, akapita katikati yao. "Saa tano na dakika nane. Sawa?"

"Sawa."

Wakacheka. Mmoja akasema mzee wa watu, ameshachanganyikiwa. Len alisikia. Alijiondokea na mikono nyuma, akitembea karibu na ukuta.

Jumatano, 27 Julai

Len hakuja.

Alhamisi, 28 Julai

Hakuja.

Jumamosi, 20 Agosti

Ubaoni: kupwa saa tatu na dakika tano asubuhi. Mawingu mazito, hakuna upepo, bahari kama bati.

Leo amekuja Joan, dada wa Hazel. Peke yake, kwa treni na kisha basi, na shada la maua yaliyokwisha kunyauka kwa joto. Hakunikumbuka, nami nikajitambulisha. Tuliketi Jengo la Ushuru tukanywa chai. Alikuwa amevileta vile viatu vyeupe, vyote viwili, maana kile kingine kilipatikana. Alitaka kuviacha mahali lakini hakujua ni wapi.

"Simchukii yule mzee," akasema. "Mwanzoni nilimchukia, nikakosa usingizi. Kisha wakaniambia akili zilikuwa zimeanza kumtoka, wala mwenyewe hakujua. Sasa ningemchukiaje? Alimshika mkono mpaka mwisho. Mimi nilikuwa nyuma ya Hazel, niliona. Alimshika mpaka akazama naye, wakamtoa kwa nguvu."

"Je, kama..." nikasema.

"Kama nini, bibie?"

"Kama kosa lilikuwa la mtu mwingine?"

Alifikiri, kijiko kikizunguka kikombeni. "Basi ningetaka kumjua. Siyo kumfanya lolote. Ningetaka tu kujua nimlilie dada yangu upande gani."

Basi lake la kurudi lilikuwa saa tisa. Nilimsindikiza kituoni. Nilikuwa na nusu saa nzima, na nikaitumia kumweleza habari za mabasi. Mimi ni mwoga. Nimeandika neno hilo hapa ili nisilizunguke tena: mwoga. Nimewasema watu wa mji huu maisha yangu yote, huyu mbea, huyu mwongo wa kengele, huyu roho ngumu. Nilidhani ubao ule unaniweka juu yao.

Viatu ameniachia mimi. Viko chini ya benchi ya jikoni, nimevifunika kwa gazeti.

Jumapili, 18 Septemba

Gillian amempeleka Len nyumba ya wazee, Leicester, mbali na bahari maili nyingi. Len mwenyewe ndiye aliyeomba. Nyumba imeshapata mnunuzi. Brenda alizisafisha kabati, akaleta zile karatasi kwenye mfuko. "Sikuweza kuzitupa." Mvua, mvua, mvua.

Jumanne, 4 Oktoba

Barua. Mchunguzi wa vifo atasikiliza shauri la Hazel Umpleby tarehe tatu Novemba. Mimi ni shahidi. Wanataka nithibitishe, hivi ndivyo walivyoandika, kwamba ubao ulilingana na kitabu, na kwamba Bwana Tuxford alikuwa na dalili za kusahau.

Nitaapa kwa Biblia. Ni hilo tu nililolifikiria kwanza, kwamba nitaapa. Kisha nikafikiri hivi: nikisema ukweli kwa mdomo mtupu, nani atasadiki? Watasema Enid ana huruma, anamfichia rafiki yake aibu. Brenda angesema hivyo, na Gillian pia. Ubao mvua ilishaufuta. Hakuna mtu aliyeusoma kwa makini isipokuwa Len, na Len hasadiki macho yake mwenyewe.

Kilichobaki ni daftari hili. Asubuhi ya Pasaka, kabla ya lolote kutokea, niliandika hapa kwa kalamu: kupwa saa tisa u nusu, nimeongeza saa moja kama kila mwaka. Ukurasa ule ule niliotaka kuuchana.

Nikitoa ukurasa huo mmoja, watauliza nyingine ziko wapi. Nikitoa daftari zima, watasoma kila kitu. Watasoma "sikumbuki, Len". Watahesabu kila "sawa".

Jumamosi, 15 Oktoba

Ubaoni: sikuandika. Upepo mkali umeangua vigae.

Jumamosi, 22 Oktoba

Nilipanda treni kwenda Leicester, daftari ndani ya mfuko wa plastiki ndani ya mkoba, kama mtoto anayeogopa kulilowesha daftari la shule.

Nyumba ni safi, ina joto mno, inanuka kabichi. Len alikuwa kwenye kiti cha dirishani. Nje kuna maegesho ya magari. Amekonda. Alinitambua mara moja, akatabasamu, kisha akaangalia saa ya mkononi na kusema, "Saa sita na dakika kumi. Sawa?"

"Len, sikiliza. Nitakusomea kitu."

Nikasoma. Jumapili ya Pasaka, ubaoni, kupwa saa tisa u nusu. Nikasoma na ya Jumatatu, miwani ya stempu, mstari wa chini, yote. Sauti yangu ilitoka kavu kama mtu anayesoma bei sokoni.

Chumba cha pili televisheni ilikuwa ikipiga makofi.

"Soma tena. Ile ya ubaoni peke yake."

"Kupwa saa tisa u nusu. Mwisho wa kurudi saa kumi u nusu."

"Yenye mkia," akasema. "Tisa yenye mkia. Niliiona." Akaweka kiganja machoni, mabega yakaanza kutikisika, na nilidhani analia. Alikuwa akicheka. Kisha kikawa kilio kweli. Nilimshika mkono, akautoa.

"Miezi saba, Enid."

"Najua."

"Nilikuja kila siku nikusomee. Kila siku. Nilisema, Enid ndiye mtu pekee mji huu ambaye hanionei huruma, ananijibu tu sawa, basi nitapona. Nikawa nakuja kama mgonjwa anayekwenda kumeza dawa." Alipangusa pua kwa mkono wa sweta. "Nimeuza nyumba. Nimempa binti yangu funguo za gari nikamwambia nisiaminiwe. Nimeogopa kuoga peke yangu. Akili yangu ilikuwa nzima, nami nimeitupa, kwa sababu ya neno lako moja."

Sikujitetea. Hilo pekee nililifanya vizuri siku hiyo.

Baadaye kidogo akasema, akitazama magari: "Nikwambie jambo lingine, uliandike humo. Kule kanisani, nikiwa katikati ya hadithi ya kengele, nilihisi baridi ya maji mchangani, kwenye nyayo. Mimi ni rubani, nyayo zangu zinayajua maji. Zikaniambia, rudi. Nikatazama saa, nikasema hapana, saa zimebadilishwa leo, ni mwili tu umechanganyikiwa. Enid ameandika kumi u nusu." Akasugua nyayo sakafuni. "Nilikuamini wewe kuliko miguu yangu. Yule mama alikuwa akicheka, akauliza kengele ngapi. Nikabaki kumhesabia."

"Len..."

"Peleka hilo daftari. Lote. Usichane hata kipande. Na sasa nenda, tafadhali. Sitaki kukuona."

Mlangoni niligeuka. Alikuwa ameinuka, ameiweka ile saa ya mkononi kwenye meza, na anabandua karatasi iliyobandikwa kabatini. Sikuona imeandikwa nini.

Jumapili, 30 Oktoba

Saa zimerudishwa nyuma. Msimu umekwisha.

Asubuhi nilikwenda kwa Brenda kabla hajafungua kibanda, nikamwambia yote nikiwa nimesimama. Alikaa kwenye debe la mafuta. Hakunitukana. Alisema, "Ningejua nisingekupa hata chumvi," kisha akasema, "Utakwenda na nani tarehe tatu?" Nikasema peke yangu. Akasema atafunga kibanda siku hiyo. Sijui kama ni kwa ajili yangu au ya Len, na sikuuliza.

Nimempigia Gillian. Alinisikiliza mpaka mwisho, akakata simu. Nimemwandikia Joan barua, nimemwambia viatu ninavyo na nitavileta nikiruhusiwa.

Kisha nikaenda kuuteremsha ubao kwa ajili ya baridi. Ni mzito, Cyril na baba walikuwa wakiuteremsha watu wawili. Philippa alinisaidia kuubeba ghalani, akauliza kama nitauandika mwakani. Nikamwambia hapana, na kwamba mwongozaji yeyote, yeye au mwingine, abebe kitabu chake mwenyewe na ausome mstari wa chini.

Kesho asubuhi daftari hili litakwenda ofisi ya mchunguzi wa vifo. Kwa hiyo hapa sijiandikii tena, nawaandikia mtakaolifungua. Mtaona ukurasa wa Pasaka umelegea: nilijaribu kuuchana tarehe nne Aprili. Mtasoma nilivyomwambia Len Tuxford sikumbuki. Nilikumbuka. Msimwulize yeye kuhusu kusahau kwake, hakuna alichosahau.

Jumapili ya Pasaka, ubaoni: kupwa saa tisa u nusu. Mwandiko ni wangu, Enid Pask.